Meli ikigonga jukwaa la baharini: namna ya kupiga hesabu yake bila kuchemka

Mwaka huu peke yake nimeletewa hili swali na vijana zaidi ya kumi, wote wako hapa Mbeya au Iringa, wote wamepewa zoezi lile lile chuoni na wote wamekosea sehemu ile ile. Swali lenyewe halina mbwembwe: meli ya huduma ya tani 5,000 imegonga bomba la jukwaa la gesi, je jukwaa litasimama? Mtu anatafuta nguvu ya kugonga, anaweka F = ma, anabuni sekunde za kugongana kutoka kichwani, anapata namba kubwa ya kutisha halafu anaandika "jukwaa litaanguka". Zero.

Hapa hautafuti nguvu. Unatafuta nishati, halafu unauliza nani ataila. Ichukulie kama deni kwenye daftari la mangi, meli imekuja na deni la megajuli kadhaa na lazima lilipwe lote, swali ni bomba linalipa ngapi, mguu unalipa ngapi, meli yenyewe inalipa ngapi. Ukishalielewa hilo, yanayobaki ni kuzidisha na kugawanya.

## Kwanza andaa hivi

Vya mezani:
- Uzito wa meli ikiwa inaelea na vyote vilivyomo. Sio mzigo tu, na sio ile "tonnage" ya kwenye cheti.
- Spidi ya kugonga, kwa mita kwa sekunde.
- Bomba linalogongwa: kipenyo D, unene wa ukuta t, urefu L kutoka kiungo hadi kiungo, na fy yaani kiwango ambacho chuma kikivuka hakirudi tena kilivyokuwa.
- Mchoro wa jaketi lote. Jaketi hapa sio lile unalovaa Juni ukipanda Uyole, ni ile fremu ya mabomba iliyosimama kwenye sakafu ya bahari na kubeba jukwaa juu yake. Ina miguu minene, na kati ya miguu kuna bomba nyembamba za mshazari na za ulalo, hizo tutaziita breisi.
- Kikokotoo au Excel.

Vya karakana (usiruke, nitakwambia kwa nini):
- Vipande viwili vya bomba la chuma la inchi mbili, lile jepesi, mita moja na nusu kila kimoja
- Magogo mawili, nyundo nzito, mchanga MKAVU, vizibo vya mbao
- Gloves na miwani ya kuchomelea au yoyote ya kukinga macho

## Hatua ya 1: Haribu bomba kwa mikono yako

Mimi nilienda kwa fundi mmoja wa mageti pale Mwanjelwa, nikamuomba nipige bomba zake nitalipa. Akaniangalia, "we mwalimu, unaharibu bomba kwa makusudi?" Nikamwambia ndiyo mzee, kwa makusudi kabisa.

Laza bomba la kwanza juu ya magogo mawili, piga katikati. Angalia kwa makini kinachotokea. Kwanza ukuta unabonyea pale pale nyundo ilipotua, bomba zima bado limenyooka. Unaendelea kupiga, bonde linaongezeka kidogo, halafu ghafla bomba linaanza kupinda, na linapinda hapo hapo penye bonde, sio kwingine.

Hizo ndizo hatua mbili za mwanzo za breisi ya baharini ikigongwa na meli: kubonyea, halafu kupinda. Na bonde ndilo linalochagua mahali pa kupinda kwa sababu pale bomba limekuwa bapa, na kitu bapa kinapinda kirahisi kuliko kitu cha mviringo.

Sasa bomba la pili. Fundi mwenyewe ndiye aliyenikumbusha, akasema sisi tukitaka kupinda bomba bila kulivunja sura tunalijaza mchanga. Jaza mchanga mkavu, shindilia, ziba pande zote, piga vile vile. Utaona halibonyei kama la kwanza na linakupa upinzani zaidi kabla ya kupinda. Baharini wanafanya jambo la aina hiyo hiyo, kwenye majukwaa mengi nafasi iliyopo kati ya mguu na nguzo iliyopita ndani yake inajazwa zege laini la saruji, na mguu uliojazwa hivyo haubonyei ovyo.

Onyo: mchanga ukiwa na unyevu halafu ukalipasha bomba moto, mvuke unaweza kulipasua likakuumiza. Zoezi letu ni la baridi, acha moto. Na usichukue bomba lililowahi kubeba mafuta.

Umefanikiwa kama: ukiwa na vipande viwili mkononi unaweza kumueleza mtu kwa nini kimoja kimepinda zaidi bila kutumia formula hata moja.

## Hatua ya 2: Andika deni

Formula ni E = 0.5 × (m + a) × v².

m ni uzito wa meli kwa kilo. a ni maji yanayosindikiza meli, maana meli ikisimama ghafla yale maji yanayotembea nayo hayasimami, nayo yanasukuma. Ikigonga kwa ubavu ongeza asilimia 40 ya uzito, ikigonga kwa omo (mbele) au tezi (nyuma) ongeza asilimia 10. Kwa ubavu inaburuta maji mengi ndio maana.

Kwa meli yetu ya tani 5,000 kwa mita 2 kwa sekunde:
- ubavu: 0.5 × 7,000,000 × 4 = megajuli 14
- omo: 0.5 × 5,500,000 × 4 = megajuli 11

Hizo 14 na 11 ni namba maarufu, wasanifu wa Bahari ya Kaskazini wamezitumia miaka mingi. Siku hizi meli za huduma zimekua, kuna za tani 6,500 mpaka 10,000, kwa hiyo usikariri 14 kama aya ya dini. Meli ya tani 10,000 ikija na omo kwa mita 3 kwa sekunde piga mwenyewe uone, inakaribia megajuli 50.

Hapa ndipo wengi wanaanguka, so nakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni uzito. Kijana mmoja alichukua mfano wa meli za Ziwa Nyasa pale Kiwira, akasema MV Njombe inabeba tani 1,000 basi m = tani 1,000. Hapana kaka, huo ni mzigo, bado chuma cha meli yenyewe, injini, mafuta, maji ya kusawazishia. Na ile "gross tonnage" ya kwenye cheti ni mbaya zaidi maana ile haipimi uzito kabisa, inapima ujazo wa meli kwa ndani.

Kosa la pili ni spidi. Mabaharia wanaongea kwa noti, noti 1 ni mita 0.514 kwa sekunde. Ukiweka 4 badala ya 2 kwa sababu hukubadilisha noti, deni linakuwa mara nne, sio mara mbili, kwa kuwa v inajizidisha yenyewe. Mwaka 2009 kule Ekofisk, Norway, meli inaitwa Big Orange XVIII iliingia kwenye jukwaa 2/4-W ikiwa na zaidi ya noti 9 kwa sababu otopailoti iliachwa inafanya kazi. Noti 9 ni kama mita 4.6 kwa sekunde, ulinganishe na zile mita 2 za kwenye vitabu, kwa meli ya uzito ule ule deni linazidi mara tano. Hakuna aliyekufa ila jukwaa liliharibika vibaya.

Umefanikiwa kama: una namba moja ya MJ (megajuli), na umeandika pembeni ni ubavu au omo.

## Hatua ya 3: Amua nani anatakiwa alipe

Aliyewahi kushuka Kitonga na basi analijua hili. Kuna ukingo wa bati pembeni ya barabara, gari likiparamia lile bati linapinda na kumeza mshtuko. Kuna na ukingo wa zege, ule haupindi, gari ndilo linalokunjamana. Na kuna hali ya katikati ambapo vyote vinaumia.

Majukwaa ni hivyo hivyo. La kwanza ni jukwaa linalolipa karibu deni lote kwa kupinda. La pili ni gumu kiasi kwamba meli ndiyo inayopondeka. La tatu wanagawana.

Sheria hapa ni moja na ukiishika hutapotea: nguvu kati ya meli na bomba ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo anayelegea kwanza ndiye anayelipa. Bomba likilegea kwa meganyutoni 2 na ubavu wa meli unahitaji 6 ndio uanze kukunjika, meli hailipi hata senti.

## Hatua ya 4: Mbonyeo

Mfano wetu: breisi ya D = 0.8 m, t = 20 mm, L = 16 m, fy = megapaskali 355, imegongwa katikati.

Kwanza tafuta mp, uwezo wa ukuta wa bomba kupinda:
mp = fy × t² / 4 = 355,000,000 × 0.0004 / 4 = 35,500 (nyutoni)

Halafu nguvu ya kubonyeza kwa kina δ, formula ya watafiti Ellinas na Walker:
P = 150 × mp × √(δ/D)

Na nishati iliyoliwa na bonde, ukijumlisha eneo chini ya mchoro:
E = 100 × mp × D × (δ/D)^1.5

Tuseme bonde limefika robo ya kipenyo, sentimita 20, bonde la kutisha kabisa. P = 2.66 MN (meganyutoni), E = 0.36 MJ.

Soma tena hiyo namba. Deni ni 14, bonde la sentimita 20 limelipa 0.36. Nilipopiga mara ya kwanza nilidhani nimekosea sifuri nikarudia mara tatu. Bonde linatisha kwa macho lakini mfukoni halina kitu, kazi yake kubwa ni kudhoofisha bomba ili lipinde mapema, kama ulivyoona Mwanjelwa.

## Hatua ya 5: Kupinda

Bomba lililofungwa kwenye viungo pande zote likipigwa katikati linatengeneza bawaba tatu, mbili kwenye viungo na moja katikati. Bawaba namaanisha sehemu ambayo chuma kimeshalegea kabisa na kinazunguka kama cha mlango.

Uwezo wa bomba zima kupinda, kwa kipenyo cha katikati ya ukuta (0.78 m):
Mp = fy × 0.78² × t = 4.32 MN·m

Nguvu ya kulipinda kama halina bonde: P = 8 × Mp / L = 2.16 MN

Ila lina bonde. Uwezo uliobaki pale katikati unaupata hivi: θ = arccos(1 − 2δ/D), halafu sehemu iliyobaki = cos(θ/2) − 0.5 × sin θ. Na nguvu mpya: P = 4 × Mp × (1 + sehemu iliyobaki) / L.

Hapa kuna mduara, bonde linategemea P na P inategemea bonde. Usiogope, zunguka tu:

1. Anza na P = 2.16. Bonde: √(δ/D) = 2.16 / 5.325, kwa hiyo δ/D = 0.16. Uwezo uliobaki ni asilimia 54. P mpya = 1.67.
2. Weka 1.67, δ/D = 0.10, uliobaki asilimia 65, P = 1.78.
3. Weka 1.78, δ/D = 0.11, uliobaki asilimia 63, P = 1.76.
4. Inabaki 1.76. Acha.

Kwa hiyo bomba linaanza kupinda kwa 1.76 MN likiwa na bonde la kama sentimita 9, na bonde hilo limekula 0.10 MJ tu. Likisogea mita nzima kwa nguvu hiyo, kupinda kumelipa kama 1.76 MJ.

Kuna ambao namba zao zinarukaruka bila kutulia, ukiona hivyo angalia kikokotoo, umekiweka kwenye digrii halafu unatumia radiani au kinyume chake. Hili limeshanipotezea jioni nzima na kijana mmoja tukinywa chai mpaka ikapoa.

## Hatua ya 6: Bomba linapogeuka kamba

Bomba likizidi kusogea linaacha kuwa boriti, linaanza kuvutwa kama kamba ya kuanikia nguo iliyoning'inizwa blanketi lililolowa. Hapo nguvu inapanda tena.

Ukichukua bomba zima lisilo na bonde (hiki ni kiwango cha juu, sio cha kutegemea), x ikiwa ni msogeo ukigawanya kwa kipenyo cha katikati ya ukuta (0.78 m):
- x chini ya 1: P / 2.16 = √(1 − x²) + x × arcsin x
- x zaidi ya 1: P / 2.16 = 1.57 × x

Ukijumlisha eneo, kwa msogeo wa mita 1 unapata kama 2.8 MJ, kwa mita 1.6 kama 6.2 MJ.

Namba tamu hizo zinawadanganya watu. Ili bomba livutwe kama kamba lazima viungo vya pande zote vishike. Nguvu kamili ya kuvuta hili bomba ni fy mara eneo la chuma, 355 × 0.049 = 17.4 MN. Je kiungo kile, weldi ile, na miguu inayokivuta kutoka pande zote vinabeba 17.4 MN? Mara nyingi hapana, kiungo kinachanika kwanza. Na kwenye mita 1 nguvu imeshafika 4.35 MN, kwa formula ya hatua ya 4 bonde limefika theluthi mbili ya kipenyo yaani katikati bomba ni bapa kama chapati. Kama hujakagua viungo usiandike hata megajuli moja ya hatua hii kwenye daftari.

## Hatua ya 7: Funga daftari

Deni 14. Bonde 0.1, kupinda 1.8 kwa mita ya kwanza, kamba labda inaongeza megajuli moja kama viungo vinashika. Breisi imelipa tatu kasoro. Zimebaki kumi na moja na ushee.

Hapa ndipo vijana wanaandika "jukwaa litaanguka". Subiri. Breisi imekufa, sawa, ilikuwa nyembamba na hatukuitegemea. Meli inaendelea mpaka inakuta mguu. Chukua mguu wa D = 2 m, t = 50 mm, chuma kile kile. mp inakuwa 221,875, na ili uubonyeze asilimia 10 tu ya kipenyo unahitaji 10.5 MN. Linganisha na mchoro wa meli yako wa nguvu na kupondeka, kama ubavu wake unalegea chini ya hapo basi sasa meli ndiyo inayolipa. Kwenye karatasi chora michoro miwili iliyopeana mgongo, meli kushoto, mguu kulia, panda mstari mmoja wa nguvu pande zote kwa pamoja mpaka maeneo mawili yakijumlishwa yafike deni lililobaki.

Kama jukwaa lako linaelea badala ya kusimama chini, deni linapungua maana jukwaa nalo linasukumwa. Gawanya kwa 1 + (meli na maji yake ÷ jukwaa na maji yake). Meli ya 7,000 kwa jukwaa la 42,000, 14 inashuka mpaka 12. Kwa jaketi lililosimama usijipe punguzo hilo.

Umefanikiwa kama: kila megajuli kwenye deni ina jina la aliyeilipa.

## Hatua ya 8: Toa breisi, uliza tena

Kugongwa ni mtihani wa kwanza. Wa pili ni jukwaa lililojeruhiwa kubaki limesimama mpaka watu watoke na mafundi waje. Futa breisi iliyokufa kwenye modeli, mguu wenye bonde upunguzie uwezo, halafu weka mawimbi. Kwa utaratibu wa Norway mgongano unaosanifiwa ni ule wenye uwezekano wa 1 kwa 10,000 kwa mwaka, na jukwaa lililoharibika linapimwa kwa dhoruba ya miaka 100. Kama njia za mzigo zilizobaki zinafikisha uzito chini, limepita, hata kama limepinda na halipendezi.

## Hatua ya 9: Kalamu nyekundu

Hii haina hesabu na ndiyo inayosahaulika zaidi. Raiza ni mabomba ya wima yanayoleta gesi na mafuta kutoka chini ya bahari. Tarehe 27 Julai 2005 kule Mumbai High North, India, meli ya Samudra Suraksha ilikuwa inasogea kushusha mgonjwa, ikagonga raiza ya gesi. Moto ukawaka, na kama baada ya saa mbili jukwaa lilikuwa limekwisha. Watu 22 walikufa au kupotea. Chuma cha jaketi hakikuwa tatizo la kwanza pale, gesi ndiyo ilikuwa.

Kwa hiyo chukua mchoro wako, chora kwa kalamu nyekundu breisi ikiwa imesogea ile mita 1 ya hatua ya 5 na 6, kuelekea ndani. Mstari mwekundu ukigusa raiza, rudi hatua ya 3, maana breisi uliyoipanga ipinde ndiyo inayokwenda kupasua gesi. Sogeza raiza au iwekee kinga, ndio uendelee.